Palipoyeyushwa betri: mwenye lori anataka kubeba udongo bure, nimpe?

MamaSalma_Miritini

Assalaam aleikum wote. Naomba ushauri kwa mwenye ujuzi, maana nina watoto hapa.

Marehemu baba alikodisha nyuma ya ploti yetu kwa watu waliokuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Walikaa miaka 6, wakahama usiku, kodi ya miezi miwili hawakulipa. Sasa ploti imeniangukia mimi, na nataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Nikipiga jembe kidogo tu natoa vipande vyeusi vya makasha ya betri, na chini yake udongo wa kijivu. Ukiutia kiganjani unauhisi mzito, si uzito wa udongo. Mabati ya banda lao yametoboka kama chujio. Mwaka jana kuku wangu saba walilegea miguu, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Juzi kaja mwenye lori. Anasema atakwangua udongo wote wa juu aubebe bure, kwani kuna mtu bondeni anatafuta wa kujazia ploti yake. Fundi wangu ananihimiza nikubali. Moyo wangu umesita. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu na kila siku namtoa mchanga mdomoni. Nifanyeje?

Fundi_Kombo

Dada, mwaga zege juu ya kila kitu ujenge. Kikishafunikwa hakimuumi mtu. Nimejenga palipokuwa gereji mara nyingi hivyo hivyo.

BiMkulima

Mimi nimesikia alizeti hufyonza sumu ya risasi ardhini. Ukipanda misimu miwili kabla ya kujenga?

Mpima_Udongo

Mama Salma, pole kwa msiba. Mwambie mwenye lori asije. Hata usiposoma mengine, hilo lifanye leo.

Nimepima udongo wa viwanda miaka 14. Risasi haiozi, hailiwi na wadudu, jua haliimalizi. Ikipakiwa kwenye lori imehama tu, na yule wa bondeni naye ana watoto. Kiwanja kimoja kichafu nimekiona kikizaa vinne kwa njia hiyo hiyo ya udongo wa bure, na kila mmoja alidhani amepata bahati.

Mtaa wa Owino Uhuru, hapo Mombasa, uko karibu nawe. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza pale 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo, mwanawe mchanga akapatikana na risasi katika damu. Akasimama, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Hukumu ya kuwalipa wakazi shilingi bilioni 1.3 ilitoka Julai 2020, ikaagiza pia udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa ikaipindua, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia. Hesabu miaka tangu tanuri lizimwe. Moshi ulikwisha siku moja, udongo ukabaki.

Sasa ploti yako. Usichimbe kabla hujajua risasi iko wapi, kwa sababu haikai sawasawa. Nyumba moja niliyopima, katikati ya ua kifaa kilisoma kidogo hata mwenye nyumba akashusha pumzi. Nikasogea hadi chini ya ukingo wa bati, pale matone ya mvua yanapochimba kijifereji, namba ikapanda mara kumi. Vumbi la tanuri lilikuwa limelala juu ya paa miaka yote, na kila mvua ililishusha mstari mmoja, mbele ya mlango, ndipo mtoto wao alipokuwa akikaa na vikopo vyake. Kama una tangi linalokinga maji ya paa, acha kuyanywa. Kuyachemsha hakutoi risasi, maji yanapungua nayo inabaki.

Atakayekupimia agawanye ua vipande vipande. Kila kipande achukue udongo wa juu kabisa, ule unaoshika vidole, kutoka sehemu tano, auchanganye mfuko mmoja. Kisha achimbe chini kidogo apime tena. Mara nyingi risasi hung'ang'ania juu, ila palipomwagwa tindikali ya betri huteremka zaidi, kwa hiyo waulize majirani wa zamani wakumbuke tindikali ilikuwa inamwagwa wapi. Kupata kipimo cha kulinganisha: Marekani miaka mingi walitumia miligramu 400 kwa kilo ya udongo wa mahali pa kuchezea watoto, na mwaka 2024 wakateremsha kiwango cha kuanzia uchunguzi hadi 200.

Fundi Kombo, kufunika ni njia halali na wataalamu huitumia, sikupingi. Lakini kabla ya zege utachimba msingi na shimo la choo, na udongo huo utaurundika wapi? Vibarua wataurudisha nyumbani kwenye nguo. Kinachofaa ni kuutoa ule mbaya zaidi, umwagiwe maji usirushe vumbi, ufungwe, uende mahali palipopewa leseni ya taka za sumu. Kiasi kidogo kinachobaki kifunikwe: tandika kitambaa cha rangi kali kwanza, halafu udongo safi wa sentimita 30 au zege. Kile kitambaa ni cha yule atakayechimba mfereji wa bomba mwaka 2045. Akikiona ajue asiendelee.

BiMkulima, alizeti imewadanganya wengi. Risasi hushikwa na udongo kiasi kwamba mimea huivuta kidogo mno, itachukua makumi ya miaka. Na mbegu zake tungempa nani? Kinachosaidia kweli ni mbolea zenye fosfati, zinaifunga risasi isiyeyuke kwa urahisi tumboni. Haziiondoi, na zinahitaji vipimo, basi zisimwagwe ovyo.

Mtoto, Mama Salma, apimwe damu ya mshipa wiki hii. Shirika la Afya Duniani linasema risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kikomeshwe, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kilekile. Ila damu na ua viende pamoja. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani. Madaktari hawakuanza dawa ya kutoa risasi hadi nyumba ya mtoto isafishwe, kwani dawa inatoa na ua unaingiza. Wanakijiji wenyewe walikwangua udongo kwa majembe, wakatia magunia, wakamwaga safi juu yake. Kijiji cha Bagega kilingoja usafishaji hadi 2013, na watoto wake wakangoja dawa.

Kwa sasa mwekee mwanao uzio wa mabati asifike nyuma. Viatu vibaki nje. Usifagie kwa ufagio mkavu, deki kwa kitambaa chenye maji. Mikono kabla ya kula, kila mara. Mchicha uliootea pale ng'oa, na mayai ya kuku waliosalia usile. Mpe maziwa, dagaa na maharagwe, mwili wenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Na uandike kwa mamlaka ya mazingira, ubaki na nakala yenye muhuri. Katiba ya Kenya, ibara ya 70, inakuruhusu kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuonyesha kwamba kuna mtu ameshaumia.

MamaSalma_Miritini

Nimelia niliposoma habari ya mstari wa bati, maana hapo ndipo kitanda cha mkeka chake. Nimemhamisha sasa hivi. Mwenye lori nimemkataa, kakasirika, aende. Kipimo cha damu ni Jumatatu.

Swali moja. Mbao za banda lao jirani ameziomba kwa kuni, na nilishamwahidi.

Mpima_Udongo

Usimpe hata moja. Zimenyonya vumbi miaka 6, zikiungua risasi inarudi kwenye moshi na jivu, jikoni mwake. Zilowanishe, zifunge kwa nailoni nzito, zingoje kuondoka pamoja na udongo. Mwendee umweleze ana kwa ana, si kwa simu, na umwambie watoto wake nao wapimwe Jumatatu pamoja na wako. Ukuta wenu ni mmoja.