Mtoto wa dada kadakwa na raba Memorial, ana miaka 16. Atafungwa?

MamaMdogo_Pasua
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Moshi, Pasua. Mtoto wa marehemu dada yangu, ninayeishi naye, alidakwa Ijumaa soko la Memorial na jozi mbili za raba za mtumba. Wenye meza wakamtandika, kisha polisi. Jumatatu kapandishwa mahakamani, ndipo nikasikia wanasoma kuwa ana miaka 18. Ana 16! Kachukua urefu wa babake tu. Mwenye raba kasamehe, mali yake kaipata. Jirani anasema dogo akubali kosa yaishe. Shemeji anasema nitafute laki mbili "za kuongea". Je, hakimu atamhurumia? Tunarudi Alhamisi.

Chalii_Unga
Mama pole, ila mimi nauza spea Unga Limited, Arusha. Hawa madogo mnaowaonea huruma ndio wanatuchomolea betri usiku. Akae ndani kidogo apate akili. Laki mbili usitoe lakini, utaliwa.

Mzee_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nilikuwa ustawi wa jamii hadi nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Hakimu anahurumia kile kilicho mbele yake. Kama mbele yake kuna karatasi inayosema miaka 18, huyo ni mtu mzima, na anaweza kuishia gereza la Karanga na wakubwa. Kwa hiyo Alhamisi, kabla kesi haijaendelea, simama useme: mheshimiwa, huyu ni mtoto, naomba umri wake uchunguzwe. Mkononi uwe na cheti cha kuzaliwa. Usinyamaze kwa aibu. Walezi wengi hukaa benchi la nyuma wanalia tu, halafu nje ndiyo wanaongea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 hapewi adhabu ya kifungo. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto, inasikilizwa faragha, ofisa ustawi akiwepo. Huyo ofisa atafika kwako, ataongea na mwalimu, na mjumbe pia, kisha ataandika taarifa. Mpokee vizuri na usimpambie. Akikuuliza dogo analala saa ngapi, sema kweli. Mahakama ikiona mlezi anayeeleweka, mara nyingi humwachia kwa masharti chini ya uangalizi. Shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, ipo, lakini kwa raba mbili na mtoto asiye na rekodi, sioni kwa nini wamfikishe huko.

Dhamana haiuzwi. Ikikwama, sehemu yake ya kusubiri ni mahabusu ya watoto, na Moshi ipo.

Msamaha wa mwenye raba haufuti kesi, maana anayeshtaki ni Jamhuri, yaani serikali, si yeye. Mwombe hata hivyo aje au aandike barua, ina uzito. Kuhusu kukubali kosa: kama alichukua, asidanganye, lakini umri urekebishwe kwanza na aelewe anachosomewa. "Kubali yaishe" ni ushauri wa watu wanaotaka kuwahi chakula cha mchana.

Chalii, hasara yako naielewa, na mahakama inaweza kuamuru mlezi akulipe fidia. Ila ukimweka mwizi wa raba na wazoefu, atarudi anafungua hadi gari lako.

Chalii_Unga
Mzee hapo umenibana 😂 Na aliyevuka 18 je? Nina mdogo wangu ana 19, kapigana stendi.

Mzee_Mstaafu
Huyo ni mtu mzima, ila mlango haujafungwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 38, hakimu anaweza kumwachia kwa sharti asitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, anafagia zahanati badala ya kufungwa. Na ugomvi mdogo wa ngumi mahakama huruhusu mpatane. Nenda kaongee na aliyepigwa leo, usingoje.

MamaMdogo_Pasua
Asante sana baba. Cheti hatukuwahi kuchukua. Nina kadi ya kliniki, panya kaila pembeni lakini tarehe inasomeka.

Mzee_Mstaafu
Peleka hiyohiyo. Ongeza kadi ya ubatizo, na barua ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye rejesta. Kesho asubuhi uwe ofisi ya ustawi halmashauri kabla foleni haijajaa, uwaambie kesi ni Alhamisi. Laki mbili mnunulie sare.