Mahamri ya oda: kikombe, jedwali au mizani?

BintiKibokoni: Asalaam aleikum wapishi. Vipimo vyangu vya mahamri ni vya vikombe: unga vinne, sukari nusu, tui mpaka unga ushikane. Sasa napata oda za harusi, na nikizidisha mara kumi, donge la leo si la jana. Nifuate jedwali la mtandaoni la kugeuza vikombe kuwa gramu, ninunue mizani, au nibaki na kikombe nikichekecha unga kwanza?

MzeeWaMarikiti: Waaleikum salaam mwanangu. Jedwali si baya, ila angalia limeandikiwa kikombe gani. Cha Kimarekani ni mililita 237, cha metriki ni 250. Kwa vikombe 40 hiyo ni nusu lita na ushei. Halafu kila kitu na uzito wake: kikombe cha maji ni kama gramu 240, sukari 200, unga 120 hadi 125, asali 340. Anayekwambia kikombe ni gramu 250 kwa kila kitu, huyo alipima maji. Hata kibaba cha zamani kilikuwa hivyo hivyo; vinne ni pishi, lakini pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani mizanini.

ShogaWaTudor: Na hiyo 120 ni unga uliotiwa kwa kijiko bila kushindiliwa! Ukichovya kikombe ndani ya mfuko wafika hata 150. Gramu 30 mara 40, ushaongeza kilo moja na robo hivi. Mahamri yakiwa magumu tunalaumu hamira, masikini.

Mpishi_Likoni: Kabla ya kutoa pesa, fungua pakiti ya unga ya kilo 2, uipime yote kwa kikombe chako, kwa mkono wako. Gawanya 2000 kwa idadi ya vikombe. Vikitoka 16, kikombe chako ni gramu 125. Fanya vivyo hivyo kwa sukari, bandika karatasi kwenye kabati. Jedwali la kwako hilo, bure.

ShogaWaTudor: Sawa, mpaka siku dadake aje kumsaidia kuchota. Mkono mwingine, hesabu nyingine. Kwa oda mimi naona mizani tu.

BintiKibokoni: Na hamira na iliki nazo nizipime?

MzeeWaMarikiti: Ukipika kidogo, la. Mizani za jikoni nyingi zinaruka gramu moja moja. Kwa gramu 2 au 3 zinakisia. Kijiko cha chai cha hamira ni kama gramu 3, cha chumvi laini kama 6, basi tumia kijiko. Ukizidisha mara kumi ndipo mizani inafaa hata kwa hivyo.

Mpishi_Likoni: Tui sasa ndiyo mtihani. Zito au jepesi, yote yakaribia uzito wa maji, kwa hivyo mizani haitakuonyesha lipi ni lipi. Na kwa unyevu wetu huu wa pwani, unga uliokaa wazi ushakunywa maji tayari. Pima tui, lakini bakiza kidogo pembeni mpaka uone donge.

BintiKibokoni: Haya, mizani basi. Ya betri au ya mshale?

ShogaWaTudor: Ya betri, yenye kitufe cha kurudisha sufuri, ili utie unga, ubonyeze, utie sukari bakuli lile lile. Na iwe ya kilo 5 au zaidi. Unga wa oda yako peke yake ni kilo 5, kwa hivyo utapima mara mbili.

MzeeWaMarikiti: Na bakuli liwe jepesi. La udongo lile linakula nafasi yote.

BintiKibokoni: Ninalo la plastiki.