Nimeuziwa picha ya "Tingatinga mwenyewe" kwa milioni 18, historia yake ina mashaka. Naanzia wapi kisheria?

Binti_Pwani

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye kujua sheria na wenye kujua sanaa wanisaidie. Kejeli tafadhali wekeni pembeni, nimeshazipata za kutosha nyumbani.

Nina nyumba ndogo ya wageni Bagamoyo. Mwaka jana mwezi wa nne nilinunua picha kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar, jina silitaji. Ni chui mmoja amesimama, nyuma yake rangi ya njano tupu, pembeni chini imeandikwa E.S. TINGATINGA. Bei milioni 18. Najua picha za Tingatinga za kawaida zinauzwa bei gani. Hii nililipa hivyo kwa sababu niliambiwa ni mkono wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu, si wa wanafunzi wake wala wajukuu wa wanafunzi, na kwamba ina historia kamili ya nani aliimiliki.

Historia niliyopewa ni mbili. Kuna sauti aliyonitumia WhatsApp, nainukuu: "Dada, hii nimeifuata mwenyewe Denmark kwa familia ya injinia, mjane wake ndiye aliyenikabidhi mkononi." Halafu kuna barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, imesainiwa na huyo injinia, kwamba alifanya kazi hapa nchini na aliinunua kwa msanii mwenyewe kando ya Morogoro Stores, Oysterbay, mwaka 1974, wiki chache kabla ya kurudi kwao.

Mwezi uliopita alikuja mgeni anayekusanya sanaa ya Afrika. Aliishusha ukutani, akaigeuza, akaniuliza kwa upole nilinunua wapi. Basi tangu siku hiyo sina amani.

Nimempigia muuzaji. Kasema risiti ina mhuri "mali iliyouzwa hairudishwi", na kama nina shaka nilete mtaalamu athibitishe kwamba si ya Tingatinga. Nina kesi hapa au ndiyo imeliwa?

Jembe_la_Kkoo

Umepigwa mchana kweupe mkuu. Itundike, subiri mzungu aipende, mpe na barua yake. Hasara irudi ilikotoka.

Mama Shani

@Jembe_la_Kkoo acha kumponza mwenzio. Leo anajua ina mashaka. Akiiuza kesho kwa maelezo yaleyale, tapeli ni yeye, tena kajiandikia ushahidi hapahapa.

Fundi_Rangi

Dada pole. Mimi nachora, nimekulia humo humo Oysterbay. Sikupi hukumu kwa kusikia, ila nieleze mgongo wa ubao. Mzee Tingatinga alichorea hadibodi, ile masonaiti ya kukata vipande vya futi mbili kwa mbili, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hadibodi ya enzi hizo mbele laini, nyuma ina alama za wavu kama gunia. Yako ikoje?

Binti_Pwani

Nimeitoa kwenye fremu sasa hivi. Laini mbele, laini nyuma. Kwenye ukingo uliokatwa naona unga mmoja laini wa kahawia, hakuna matabaka. Nyuma pamepakwa kitu kama chai ya rangi, kimeachia michirizi na hakijafika kwenye kona zilizokuwa chini ya fremu.

Fundi_Rangi

Hiyo ni MDF, mama, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ndiyo inayotengenezea makabati ya jikoni. Imeenea madukani duniani miaka ya themanini kuja huku. Na hiyo chai ni ya kuzeesha. Usiifute, usiiguse tena, irudishe ilivyokuwa na uipige picha kila upande.

Kobe_Msomi

Samahani, mimi ndiye pekee niliyeona? Barua inasema alinunua kwa msanii mwenyewe 1974. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, polisi walimpiga risasi kimakosa hapahapa Dar. Alichora kuanzia kama 1968, yaani miaka minne tu. Huyo injinia alinunua kwa mzimu?

Jembe_la_Kkoo

😂😂 Mzimu wa Oysterbay. Haya nimekaa, endeleeni.

Binti_Pwani

Kobe, mwili umenisisimka. Risiti ya mkono imeandikwa "picha halisi ya E.S. Tingatinga, 1971", kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye 1971. Sasa hapo si nimeshinda?

Wakili_wa_Mtaani

Hapana, bado. Nimesoma yote. Mimi ni wakili, lakini sijaona nyaraka zako, kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo kisha kamwone wakili wako akiwa na faili mezani.

Muuzaji amekuchagulia uwanja, usiingie. Anataka ulete mtaalamu wa kusema si ya Tingatinga. Ukikubali, yeye ataleta wake wa kusema ni ya Tingatinga, watabishana juu ya mkia wa chui, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayedai. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maoni ya wataalamu, ila hakimu hafungwi nayo. Dai lako lisimame juu ya maneno aliyokwambia ili ununue. Hayo yana tarehe, yana sauti yake, na yanapimika.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatofautisha vitu viwili. Kifungu cha 17 ni udanganyifu: mtu anasema jambo lisilo kweli huku mwenyewe haliamini. Cha 18 ni maelezo yasiyo sahihi: amesema uongo lakini huenda aliamini ni kweli. Kwa yote mawili kifungu cha 19 kinakupa haki ya kuuvunja mkataba. Ila hapo kwenye 19 kuna mlango wa kutokea. Ukijenga kesi kwa 18 peke yake, atajibu kwamba ungeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Atasema mwaka aliokufa Tingatinga unajulikana na kila mtu, barua ulikuwa nayo mkononi, ungeisoma. Yaani 1974 inayowachekesha hapo juu inaweza kukugeukia. Kama ni uongo uliosemwa makusudi, mlango huo unafungwa.

Kwa hiyo swali ni moja: yeye alijua? Kuhusu barua atasema "hata mimi nililetewa". Sawa. Lakini ile sauti je? "Nimeifuata mwenyewe Denmark, mjane amenikabidhi mkononi." Hilo ni jambo alilolifanya kwa miguu yake, au hakulifanya. Hawezi kusema alidanganywa kuhusu safari yake mwenyewe. Pasipoti yake ina mihuri au haina, na mahakama inaweza kuamuru ailete. Kama hakwenda, umefika kwenye 17.

Mhuri wa "hairudishwi" usikutishe. Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu haulindwi na mhuri wa dukani. Na kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa: kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo. Risiti imesema "halisi", haikusema "kwa mtindo wa".

Sauti hiyo usiifute wala usibadilishe simu ovyo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unapokelewa mahakamani, lakini utaulizwa ulivyohifadhiwa.

Mwana_Queens

Salamu kutoka New York. Aliyoyasema wakili yalitokea huku kwa hela za kutisha. Nyumba ya sanaa Knoedler, imefanya kazi tangu 1846, ilifungwa 2011. Iliuza picha bandia kama 40 kwa majina ya wachoraji wakubwa wa Kimarekani, jumla makumi ya mamilioni ya dola, zote zikiletwa na mama mmoja, Glafira Rosales. Mchoraji alikuwa Mchina mmoja, Pei-Shen Qian, anachora nyumbani kwake hapa hapa Queens. Familia ya De Sole ililipa dola milioni 8.3 mwaka 2004 kwa picha walioambiwa ni ya Rothko, mmoja wa wachoraji hao. Kesi ikafika mbele ya baraza la wazee wa mahakama 2016, na kabla haijaisha wakamalizana nje.

Kilichowaumiza wauzaji kule hakikuwa rangi peke yake. Hadithi ya umiliki ilikuwa inabadilika. Mara picha zilipitia kwa msanii fulani, wataalamu walipokataa, zikawa zimepitia kwa mtu mwingine. Na picha moja sahihi ya mchoraji Pollock ilikosewa herufi! Watu wenye digrii zao wakaipita. Kwa hiyo dada na 1974 yako usijione wa kwanza.

Mama Shani

Uingereza nako tapeli John Drewe alikwenda mbali zaidi, aliingiza karatasi za uongo ndani ya kumbukumbu za makumbusho yenyewe, ili mtu akienda kuhakiki azikute. Alifungwa 1999. Siku hizi barua peke yake mimi hainiambii kitu.

Kobe_Msomi

@Wakili_wa_Mtaani amekaa nayo zaidi ya mwaka. Haijamwathiri?

Wakili_wa_Mtaani

Swali zuri, na hapa ndipo wengi hupotezea haki. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka sita, na penye udanganyifu hesabu huanza ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Huko yuko salama. Lakini haki ya kurudisha mali na kudai hela yote ni kitu kingine, hiyo huchakaa haraka. Kuna kesi ya Kiingereza ya 1950, Leaf dhidi ya International Galleries. Jamaa alinunua mwaka 1944 picha aliyoambiwa ni ya mchoraji John Constable, kwa pauni 85. Baada ya miaka mitano anaipeleka kuiuza, anaambiwa si ya Constable. Mahakama ya Rufaa ikamkatalia kurudisha, amekaa nayo mno. Yeye alidanganywa bila kukusudiwa, kwako ni tofauti kama tukithibitisha makusudi. Hata hivyo, kuanzia siku mgeni alipoigeuza, kila siku unayoacha inaning'inia mapokezi inamsaidia muuzaji. Itoe ukutani. Mwandikie wiki hii kwamba unaukataa mkataba, njoo chukua picha, rudisha hela.

Sasa hela. Ulilipaje?

Binti_Pwani

Milioni 12 benki, milioni 6 taslimu dukani kwake. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inasema milioni 2 "vitu vya sanaa". Ile ya mkono ndiyo yenye 18.

Jembe_la_Kkoo

Hapo sasa TRA, watu wa kodi, nao wataomba kiti.

Wakili_wa_Mtaani

Ya TRA ni yake zaidi, yeye ndiye mwenye mashine. Kwako tatizo ni kwamba atajaribu kusema aliuza pambo la milioni 2 na hizo nyingine ni biashara nyingine. Risiti ya mkono ina sahihi yake?

Binti_Pwani

Ina sahihi na mhuri. Na jioni ile aliandika WhatsApp "nimepokea yote 18, Mungu akubariki".

Wakili_wa_Mtaani

Basi Mungu amekubariki kweli.

Sajini_Mstaafu

Mbona mnazunguka? Aende polisi. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu iko wazi. Akilala ndani siku moja hela inatoka.

Mama Shani

Na picha inachukuliwa kielelezo, inakaa stoo ya polisi mpaka chui azeeke. Polisi si wakusanya madeni, afande.

Wakili_wa_Mtaani

Njia ya jinai ipo na haimzuii kudai. Ila kule kiwango cha kuthibitisha ni kikubwa, na si yeye anayeiendesha kesi. Mimi ningeanza na notisi ya kusudio la kushtaki, siku 14. Mtu wa biashara yenye jina mjini hapendi kuona sauti yake imenukuliwa kwenye hati ya madai. Kuna pia Tume ya Ushindani kwa kauli za uongo katika biashara, peleka nakala.

Kobe_Msomi

Mahakama gani? Nilidhani mali inayohamishika isiyozidi milioni 30 inaishia mahakama ya mwanzo.

Wakili_wa_Mtaani

Kiwango ndicho, lakini kule madai ya mkataba yanayoeleweka ni deni. Yeye hadai deni, anaomba mkataba uvunjwe kwa udanganyifu. Ningeenda Mahakama ya Wilaya. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, na kesi nyingi za namna hii huishia hapo.

Fundi_Rangi

Niongeze la kwetu. Kumpata aliyechora hiyo si kazi ngumu sana, mikono tunafahamiana. Lakini msimtafute kijana wa watu mkamtia ndani. Kuchora chui kwa mtindo wa mzee si kosa, ndiyo kazi yetu. Uliza nani aliandika lile jina na nani alipaka chai nyuma.

Binti_Pwani

Wakuu, mrejesho. Wakili niliyempata Bagamoyo alituma notisi, ameinukuu sauti neno kwa neno na kuomba nakala za kurasa za pasipoti. Siku ya kumi muuzaji amepiga. Safari ya Denmark imegeuka, sasa anasema "alikwenda mshirika wangu". Anatoa milioni 11, picha nibaki nayo, yaishe. Mume wangu anasema chukua.

Mwana_Queens

Hadithi imebadilika! Nilikwambia.

Wakili_wa_Mtaani

Huo mrejesho ni mtamu kuliko unavyodhani. Aliyesema "nimeifuata mwenyewe" sasa hakwenda. Ameisema kwa simu tu?

Binti_Pwani

Simu. Lakini baadaye kaandika "mshirika wangu atakueleza habari za Denmark".

Wakili_wa_Mtaani

Ihifadhi. Kuchukua au kukataa ni uamuzi wenu na mumeo, kesi inakula muda na nauli. Ila ukijibu, mwambie wakili wako arudishe ofa hivi: milioni 18 zote, kwa awamu mbili akitaka, na picha airudie yeye. Kubaki nayo kwa milioni 11 maana yake umeinunua upya kwa milioni 7, safari hii ukijua ni MDF. Na kwenye hati ya makubaliano kiwekwe kifungu kwamba haitauzwa tena kwa jina la Tingatinga wala kwa barua ile.

Fundi_Rangi

Hicho kifungu atakikataa. Milioni 18 anaweza kulipa, hicho hapana.

Binti_Pwani

Basi ndicho nitakachoanza nacho. Jumatatu nakwenda kwa wakili.