Baraza la bunduki Alhamisi: tuandike nini?

Mwalimu_wa_Bonde
Hamjambo. Nafundisha shule ya msingi Bonde la Kerio, upande wa Elgeyo Marakwet, Kenya. Chifu ameita baraza: bunduki haramu zirudishwe, na safari hii tutoe maoni kwanza. Kazi ya kuandika imeniangukia mimi.

Jirani yangu anayo moja. Si jambazi, ana ng'ombe kumi na mmoja tu. Anasema serikali ilipokusanya silaha za polisi wa akiba mwaka 2019, walioumia ni waliotii. "Nikitoa mimi na ng'ambo ya mto wasitoe, boma langu litalindwa na nani?" Niandike nini ambacho hakitafungiwa kwenye droo?

Mlima_Moroto
Sisi wa Karamoja, Uganda, tulishapitia hayo. Disemba 2001 tuliambiwa turudishe kwa hiari, mwenye kutoa apewe plau ya maksai. Mjomba akatoa. Mwaka 2002 jeshi likapelekwa kupigana na waasi wa LRA, na wavamizi wakajua vizuri nani hana kitu. Plau ilibaki, maksai wakaenda. Kufikia 2006 wanajeshi walikuwa wanazingira manyatta alfajiri. Dai siku moja kwa pande zote mbili, na iandikwe nani atakesha usiku wa siku hiyo.

Pokot_mtulivu
Na risasi? Bunduki bila risasi ni rungu. Waulize zinapitia kwa nani.

Bi_Hawa_Wajir
Mwalimu, akina mama mmewaita? Koo za Wajir zilipouana mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa sokoni ndio walioanza: kila mtu auze na anunue maziwa, wa ukoo wowote. Wazee walifuata, ikaja kamati ya amani. Baadaye, mwaka 2001, Azimio la Modogashe, mapatano ya amani ya huku kwetu, likaweka diya, yaani fidia ya aliyeuawa: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Hiyo nusu inanikera mpaka leo. Tena diya ikichangwa na ukoo mzima, muuaji mwenyewe anapungukiwa na nini? Liandikeni hilo waziwazi.

Mwalimu_wa_Bonde
Asante mama, asanteni nyote. Nimemsomea jirani habari ya plau. Amecheka sana, kisha akauliza: "Na wa ng'ambo wameitwa baraza lini?" Nimempigia chifu. Hajui. Basi karatasi yangu itaanza na swali hilo, la risasi litafuata.