Kompyuta ikiungua, leseni ya Windows iliyokuja nayo imekufa pia?

Mwenye steshenari, Uyole

Habari zenu wote. Naleta jambo hili tulijadili kwa sababu limenigusa mfukoni, na najua si mimi peke yangu.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimechachamaa, radi ilipiga jirani na duka langu hapa Uyole, Mbeya. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Kompyuta yangu ya mezani, ile ninayochapia barua na kazi za wanachuo, ikanyamaza. Fundi wa Mwanjelwa alipofungua kasha, harufu ya kuungua ikatupiga puani. Pale inapochomekwa waya wa intaneti, madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ilikuwa imebabuka, nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya maharage. Diski ilikuwa nzima. Akaitoa, akaifunga kwenye kompyuta ya mtumba niliyonunua siku hiyohiyo, ikawaka. Kazi zangu zote zipo, hata hesabu za kikoba nilizoziacha nusu. Nikamshukuru Mungu. Halafu chini ya kioo, pembeni kulia, yakatokea maandishi ya kijivu yanayodai leseni ya Windows, ile programu inayoendesha kompyuta.

Nikamwambia leseni ninayo. Ile kompyuta niliinunua mpya ikiwa na Windows ndani, na risiti ipo kwenye faili. Akanijibu kwamba leseni hiyo imeungua pamoja na bodi. "Mama, nikuwekee ya kukraki, elfu kumi tu." Nikakataa, sitaki iliyovunjwa ulinzi ili isidai leseni.

Hoja yangu ni hii. Leseni niliyoilipia inifuate, mradi itumike kwenye mashine moja tu kwa wakati mmoja. Sidai mbili kwa bei ya moja. Jiko la gesi likiharibika, mtungi wako unauhamishia jiko jingine na hakuna anayekuuliza. Kwa nini programu iwe tofauti? Na kama ni tofauti, kwa nini muuzaji hakuniambia siku ananihesabia chenji?

Fundi, Kabwe

Shikamoo mama. Pole sana kwa radi.

Kwa upande wa mkataba, fundi wako amesema kweli. Windows unayoinunua peke yake dukani unaruhusiwa kuihamishia kompyuta nyingine, mradi uiondoe kwenye ile ya kwanza. Inayokuja ndani ya mashine ni habari nyingine. Kampuni kama HP, Dell na Lenovo huweka leseni hizo zikiwa kiwandani, na mkataba wake unaifunga programu na kompyuta ileile. Diski unabadilisha, ramu unaongeza, haina shida. Lakini madabodi ndiyo inayohesabiwa kuwa kompyuta yenyewe. Zamani kulikuwa na stika mgongoni mwa laptopu yenye ufunguo wa leseni, herufi na tarakimu 25, tukawa tunazinakili kabla hazijafutika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, watengenezaji wanauandika ufunguo ndani ya chipu ya bodi. Ndiyo maana wako umeondoka na moto.

Mfano wa mtungi haukai sawa, mama. Mtungi ulilipiwa bei yake na jiko bei yake. Hapa ulinunua kitu kimoja, na Windows yake haikukugharimu sawa na ya kununua peke yake. Nafuu ile inatokana na kufungwa huko.

Ila uamuzi wa kukataa ya kukraki nakuunga mkono kwa mikono miwili. Steshenari inapokea flashi za watu kutwa nzima. Mashine iliyozimwa ulinzi ili kraki ifanye kazi inabeba virusi vya mteja huyu na kumpa yule.

Mwanafunzi wa sheria, Iringa

Kamwene. Fundi ameeleza mkataba, lakini mkataba si mwisho wa sheria.

Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ikishaingiza nakala sokoni kwa ridhaa yake, haiwezi kumzuia muuzaji wa baadaye kuiuza nakala hiyo bila kompyuta iliyokusudiwa kwenda nayo. Julai 2012 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ikasema aliyelipia leseni isiyo na kikomo cha muda anaweza kuiuza tena, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike. Sharti hilo ndilo mama wa Uyole analolitaja: mashine moja kwa wakati mmoja. Marekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 2010, katika kesi ya Vernor na Autodesk, mahakama ya rufaa ilisema mtumiaji amepewa ruhusa tu, hakununua nakala.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Mbeya. Kwetu programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wanaisimamia. Mama asiende kudai kwa hukumu ya Ujerumani, lakini asikubali pia kuambiwa kwamba dai lake halina kichwa wala miguu.

Mwalimu, Tukuyu

Ugonile. Shuleni tulipewa kompyuta za msaada, nyingine bodi zimekufa, nyingine diski. Tumeunganisha mbovu tatu kupata nzima moja, na suala la leseni likatusumbua hivyohivyo. Sasa tunatumia Ubuntu badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word, zote za bure. Wanafunzi wanaandika na kuchapa bila maandishi ya kijivu.

Mwenye steshenari, Uyole

Marahaba fundi, na asanteni wengine. Mwalimu, wateja wangu wanakuja na kazi zilizopangwa kwenye Word. Zikifunguka mistari imesogea, lawama ni zangu. Kwa duka langu bado ni vigumu.

Fundi, nimekuelewa kuhusu bei. Lakini mkataba huandikwa na watu na hubadilishwa na watu. Microsoft Office ya 2013, ile yenye Word, ilipotoka, Microsoft waliifunga kwenye kompyuta moja hata kwa aliyeinunua dukani peke yake. Wateja wakalalamika, na Machi 2013 wakaruhusu ihamishwe. Kama yao iliwezekana, ya aliyeunguliwa na radi inashindikana vipi? Mimi sisemi aliyeuza laptopu yake na Windows yake aje adai tena. Nasema mashine iliyokufa kabisa, ambayo hakuna mtu atakayeiwasha tena.

Fundi, Kabwe

Kwa mashine iliyokufa, mama, hapo umenibana. Sioni nani anaumia.

Ila kuna jambo fundi wako hakukuangalizia. Hiyo mtumba, kama ilitoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, ina ufunguo wake ndani ya bodi. Kufungwa uleule kunakokuuma ndiko kunakokupa leseni ya mwenye mashine wa kwanza. Mtumba nyingi za ofisini zilikuja na Pro, toleo la Windows la kikazi. Diski yako ikiwa na Home, toleo la nyumbani, hazitaelewana, na hayo maandishi hayataondoka mpaka uweke toleo linalolingana.

Mwenye steshenari, Uyole

Diski ni Home, nimetazama sasa hivi. Jumamosi nikifunga duka nakuja Kabwe na mashine. Kazi zangu nazihamishia flashi kwanza. Na ile risiti ya kompyuta iliyoungua nakuja nayo, uisome kama kuna mahali popote waliponiandikia kwamba leseni haihami.