Eti mimi ANALOJIA! Mbele ya mama mkwe!

Wakuu, tangu nitoke kikaoni hata maji hayapiti kooni. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja, mzee wa miwani ya jua saa mbili usiku. Nimefungua kaunta buku langu nisome michango ya harusi, jina la kwanza tu, kanyanyuka: "Kaka, watu tunaenda na wakati, wewe bado analojia!" Mbele ya mama mkwe!

Kamati nzima chini. Mjumbe mmoja kacheka mpaka soda imetokea puani. Mama mkwe wa watu akauliza, analojia ndiyo nini? Jamaa kwa adabu zote: "Ni kama zile tivii za chogo, mama." Mama akanigeukia, akaangalia KICHOGO changu. Wakuu, alikiangalia kichogo!

Na tusi lenyewe limechacha. Dar mitambo ya analojia ilianza kuzimwa 31 Desemba 2012, ndipo kila mtu akawa anamwita mwenzake analojia. Watoto waliozaliwa usiku ule leo wananyoa ndevu! Yeye anayekwenda na wakati anatukana kwa neno la enzi za foleni ya ving'amuzi? Kikao kiliandikwa saa kumi, kafika saa moja na nusu. Wakati upi huo anaokwenda nao? Daftari langu halijawahi kuisha chaji.

Kichogo, wakuu.

Msumari wa Moto: Weka picha ya kichogo tuamue.

Binti Pangani: Kaunta buku mbele ya mkwe? Jamaa kakuhurumia, ulistahili kuitwa gramafoni.

Wa Kisauni: Huku Kenya 2013 Uhuru na Ruto walijiita dijitali, Raila wakamwita analogi. Mitambo yenyewe ilikuja kuzimwa 2015. Tulitusiana miaka miwili na sote bado tuko analogi. Pole ndugu.

Mwenye uzi: Hamnielewi. ALIKIANGALIA.

Baba Wawili: Nyie na vichogo vyenu. Mimi nimelipia kifurushi cha mwezi, wingu likipita tu mechi imekata. Enzi za antena ukiona chenga unamtuma mtoto nje azungushe nguzo, mpira unaendelea.

Binti Pangani: "Tayariii?" "Bado, rudisha kidogo!" Na ilikuwa bure.

Msumari wa Moto: Mimi ndiye nilikuwa mtoto wa nguzo. Sijawahi kuona goli hata moja, nasikia kelele tu.

Baba Wawili: 😂😂 Ila afadhali king'amuzi kuliko hii michango. Nimeandikiwa harusi ya mtu tuliyewahi kukaa naye siti moja kwenye daladala.

Wa Kisauni: Kiasi gani?

Baba Wawili: Singo laki, dabo laki na nusu. Nimesema singo, wamenipigia kuuliza mke wangu ana tatizo gani nao.