Fuvu la Mkwawa pale Kalenga: libaki kwenye kioo au lizikwe?

Baba Watatu: Juzi nimepeleka watoto makumbusho ya Kalenga, Iringa, kumwona Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kajumba kadogo, wageni tulikuwa sisi tu na kuku mmoja mlangoni. Huyu wangu wa darasa la tatu akasogea hadi pua ikagusa kioo, akaniuliza, "Baba, huyu atalala lini?" Jibu sina hadi leo. Kiwiliwili kiko Mlambalasi, alikojipiga risasi 1898, Wajerumani wakamkata kichwa. Kichwa kiko Kalenga. Kwa nini tusivikutanishe? Halafu pale ni kijijini kweli, hata chai ya kueleweka hakuna.

Mnyalukolo Original: Chai ya kueleweka ndiyo ipi? Ulimfuata babu yetu au ulifuata hoteli?

Wakili wa Kijiweni: Wazungu wenyewe walilirudisha mara tu baada ya Vita ya Kwanza, iliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles. Tumelipata kwa sheria, tulifukie tena?

Mwalimu Mstaafu: Kijana, mkataba ni 1919, fuvu limekuja 1954. Gavana Twining wa Tanganyika alilikuta Bremen, Ujerumani, katikati ya mafuvu mengine, akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa zake Mkwawa. Ndipo likakabidhiwa kwa Adam Sapi, mjukuu wake Mkwawa, huyu aliyekuja kuwa Spika.

Wakili wa Kijiweni: Kumbe lilichaguliwa kama embe sokoni! Sasa mna uhakika gani ni lenyewe?

Mnyalukolo Original: EMBE? Chunga mdomo. Kwenu kuna babu gani hata mwizi angetaka fuvu lake?

Mngoni wa Lizaboni: Watani, nyie mnagombania lililorudi. Sisi Wangoni, jemadari wetu Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani 1906, kichwa chake tunakitafuta Ujerumani mpaka kesho. Mkilichoka la kwenu mtuazime.

Mnyalukolo Original: Mtani, mlikuja na mikuki mkashindwa, leo mnaomba kwa upole?

Mngoni wa Lizaboni: Tulishindwa lini? Ile ilikuwa sare!

Mnyalukolo Original: Sare ya nyumbani kwetu, mkarudi kwenu kwa miguu 😂

Mwalimu Mstaafu: Kila aliyekuja alirudi kwa miguu, mabasi yalikuwa hayajaanza.

Baba Watatu: Jamani, niliuliza habari ya kuzika.

Mnyalukolo Original: Na chai ipo. Ulipita na vioo vya gari umefunga.